Hatua Sitini za Katonga

Nilipokuwa nahamisha vitu vyangu ofisini, mwezi uliopita, vijana wa idara waliniomba mambo mawili. La kwanza, niwaachie kabati, kwa sababu ndilo pekee lenye kufuli linalofunga. La pili, niwaandikie namna nilivyofanya kazi miaka yote ile, ili anayeanza asianze kwa kupapasa. Kabati wamelipata. La pili ndilo hili, nami nitaliandika kwa namna yangu: vyeo sitavitaja, na orodha ya makala zangu ipo maktaba kwa yeyote anayekosa usingizi.

Ndani ya kabati lile kulikuwa na mizani ya ndoano iliyoshika kutu, kaunta buku kumi na moja zilizofungwa kwa kamba ya katani, na jozi ya viatu vya kufunika vilivyokauka mpaka vimepinda. Mizani na kaunta buku nimewaachia, na nitaeleza ni vya nani. Viatu nimevichukua, maana hadithi inaanzia hapo.

Mimi ni mzaliwa wa Simbo, mtoto wa wakulima wa mihogo na maharage. Nilisomea uhasibu mbali na nyumbani, nikarudi Kigoma kufundisha. Aliyenitoa kwenye hesabu za maduka akanipeleka kwenye hesabu za ziwa ni Profesa Kitundu, msimamizi wangu wa utafiti, mtu mrefu, mchache wa maneno, aliyetembea na penseli sikioni kama fundi seremala. Alinieleza kazi yetu hivi: mwenye kiwanda huandika mafuta aliyonunua na mishahara aliyolipa, lakini maji aliyoyachafua hayaandiki popote. Mvuvi huvuna ziwa, na ziwa halina mhasibu. Sisi tulitakiwa kuchunguza ni nani anayeandika habari za maji, samaki na misitu, anaziandika wapi, na zinapitia mikono mingapi mpaka kufika kwenye ile ripoti ya mazingira inayosomwa na wakubwa. Mlangoni kwetu kazi hiyo iliitwa mifumo ya taarifa za kihasibu na utoaji wa taarifa za mazingira. Mama yangu hakuwahi kulimaliza jina hilo. Majirani aliwaambia kwamba nahesabu samaki, na kusema kweli alikuwa karibu na ukweli kuliko mlango.

"Kila tarakimu ina mahali ilipozaliwa," Profesa aliniambia. "Usiiamini kabla hujafika kwao."

Ndipo nikaenda Katonga, upande wa Ujiji, kwenye mwalo zinaposhusha boti za uvuvi, kwa sababu tarakimu nyingi za samaki wa upande wetu huzaliwa pale. Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vile vya kufunika, soksi, na sketi iliyopigwa pasi, mkononi nimeshika fomu zilizochapwa zenye safu kumi na nne. Ilikuwa asubuhi, boti zinaingia kutoka kwenye uvuvi, mchanga umelowa, na maji ya samaki yanachuruzika kwenye ndoo. Akina mama waliokuwa wakisubiri dagaa wa kuanika walinitazama kuanzia chini kwenda juu, wakasemezana kwa Kiha wakidhani sielewi. Walisema huyu harusi yake iko wapi. Karani wa mwalo, Mzee Rajabu, mtu wa Ujiji mwenye kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuiona na doa la samaki, alivitazama viatu, akazitazama fomu, akaniambia nitupe vyote viwili. Viatu nilivivua. Fomu nilizing'ang'ania wiki nzima kabla sijakiri kwamba safu kumi kati ya zile hazikuwa na mtu wa kuzijaza duniani.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupima. Alinionyesha kwamba ndoo ikitoka majini lazima ipewe muda ichuje, la sivyo unapima ziwa na si samaki. Alinionyesha kwamba mizani ya ndoano ikichoka huanza kudanganya taratibu, kwa hiyo kila asubuhi aliijaribu kwa jiwe moja la mtoni alilolijua uzito wake, jiwe ambalo lilikaa kwenye mfuko wa koti lake mpaka likautoboa. Aliandika kwenye kaunta buku kwa wino wa bluu, boti kwa boti: jina la mwenye boti, idadi ya ndoo, dagaa au migebuka. Siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika kwa sababu taa zao hazina kazi, aliandika neno moja tu kukatiza ukurasa mzima, "Mwezi", akapiga mstari chini yake. Hakuacha ukurasa mtupu hata mmoja.

"Ukiacha pengo, Mwalimu," aliniambia, "mtu mwingine atalijaza kwa mdomo wake."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu nikayapigia mistari miwili. Nimewafundisha wanafunzi wa miaka mingi maneno hayo. Kuyaelewa ndiko kulikochelewa.

Kabla sijafika kwenye kosa langu, niseme kwanza kilichonipa kiburi. Kulikuwa na kiwanda kimoja cha kukamua mawese, nisichokitaja, ambacho kila mwaka kilitoa taarifa ya mazingira kwenye karatasi za kung'aa. Kila taarifa ilikuwa na picha ya miti iliyopandwa kando ya kijito, na kila mwaka maelezo chini ya picha yalisema miti hiyo ni mipya. Nilikwenda kijitoni nikiwa na taarifa tatu mkononi. Miti ilikuwa ile ile, imepigwa picha kutoka pande tatu. Hata mbuzi aliyefungwa pembeni alikuwa yule yule, miaka mitatu na hajakua. Makala niliyoiandika ilisomwa sana, nikaalikwa huku na huko kuisimulia habari ya mbuzi, na watu walicheka kila mahali.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuamini kwamba palipo na pengo pana mwongo. Nilikuwa naingia ofisini kwa mtu nikifungua faili lake kama polisi anayepekua gunia. Profesa Kitundu, ambaye wakati huo alikuwa anakaribia kustaafu, aliniita siku moja akaniambia kwamba nimekuwa hodari wa kukamata, ila niangalie nisije nikamkamata asiyekimbia. Nilidhani ni maneno ya mtu mzima aliyechoka.

Miaka kama kumi iliyopita nilianza utafiti niliouona kuwa ndio kilele cha kazi yangu. Nilitaka kumfuata samaki kutoka botini mpaka kwenye ripoti ya mazingira ya mkoa, nione tarakimu zinapungulia wapi. Mhasibu hapendi kitabu kimoja, hupenda viwili vinavyochungana. Katonga kulikuwa na viwili. Mzee Rajabu aliandika samaki walioshuka botini. Akina mama wa vichanja, yaani zile meza za kuanikia dagaa, walikuwa na daftari lao la ndoo walizopokea. Kutoka ukingoni mwa maji mpaka kwenye vichanja ni hatua sitini. Nilizihesabu mwenyewe, kwenda na kurudi.

Vitabu hivyo viwili havikulingana. Siku samaki walipokuwa wengi, tofauti ilikuwa ndogo, ndoo moja au mbili. Siku za uhaba, ndipo ndoo nyingi zilipopungua. Kilichonishangaza ni kwamba haikuwa siku moja wala mwezi mmoja. Nilirudi nyuma kwenye kaunta buku za miaka na miaka, na kila mahali samaki walitoka botini na hawakufika vichanjani, tena wengi zaidi pale walipohitajika zaidi. Kwa mtu aliyekwisha kumwona mbuzi asiyekua, jibu lilikuwa wazi.

Sikumhukumu bila kumuuliza. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii sana. Nilikwenda Katonga na gari la chuo lenye maandishi ubavuni, nikiwa na wasaidizi wawili na kinasa sauti. Nilikiweka kinasa sauti juu ya meza yake, mbele ya mtu aliyenifundisha kuvua viatu, nikamuuliza tofauti hii ni ya nini.

Alikitazama kile kidude kikiwaka taa nyekundu. Kisha akasema, "Hizo hazikupotea, Mwalimu."

Nikamuuliza ziko wapi.

"Hazikupotea."

Nikamwambia kwamba kwenye kazi yetu neno tupu halitoshi, ahitajika mtu au karatasi ya kuthibitisha. Aliingiza mkono mfukoni akawa analigusagusa lile jiwe lake kupitia kitambaa. Mwishowe aliniambia niandike nitakavyoona. Nikaandika. Kwenye jedwali la nne la ripoti yangu, safu ya mwisho, niliipa jina "Upotevu usio na maelezo".

Wanangu, maneno manne. Nimeandika maelfu ya kurasa, na kama mtu angeniuliza leo ni lipi kati ya yote lililogusa maisha ya watu, ningemwonyesha hayo manne.

Ripoti ilisomwa, na safari hii si na wasomi tu. Ofisi iliyokuwa ikisimamia mialo iliyachukua maneno yangu kama yalivyo, ikayaweka kwenye taarifa yake ya mwaka, na mwaka huo huo likatoka agizo: samaki yeyote asiondoke ukingoni kabla ya kupimwa, na kati ya boti na vichanja asisimame mtu asiye na kazi. Mzee Rajabu aliondolewa. Hakushitakiwa, kwa sababu hapakuwa na ushahidi wa kumshitaki. Aliambiwa tu apumzike, na kupumzishwa kwa namna hiyo ni kubaya kuliko kushitakiwa, maana anayeshitakiwa hupewa nafasi ya kujitetea. Badala yake akaja kijana mwenye kishikwambi. Vitabu vililingana tangu wiki ya kwanza. Nilionyeshwa matokeo, nikapongezwa, nikafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi.

Kaunta buku za Mzee Rajabu zilitaka kuchomwa, kwa vile zimekwisha kusemwa kuwa ni za uongo. Nilizichukua, pamoja na mizani yake ya ndoano, nikaziweka kabatini, si kwa huruma, bali kwa kuwa mtafiti hatupi data. Ndizo hizo kumi na moja.

Mwaka uliofuata, siku za Krismasi, nilikwenda Simbo kumwona mama. Nilimbebea dagaa wa Katonga, nikawa namsaidia kuwachambua uani huku nikimsimulia kazi yangu, kama nilivyozoea. Nilimsimulia habari ya vitabu viwili, hatua sitini, na karani aliyekuwa akila samaki wa ziwa kwa miaka yote ile. Mama aliacha kuchambua.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, kwa Kiha, kama anavyoniita anapotaka nimsikilize, "baba yenu alipofariki, wewe ulidhani dagaa nilikuwa nanunua kwa kitu gani?"

Nilikumbuka. Nilikuwa mdogo, lakini nilikumbuka vizuri: mama anaondoka Simbo asubuhi na mapema kwa miguu kwenda ziwani upande wa Ujiji, na bakuli la bati lenye ukingo wa bluu chini ya kanga, na anarudi jua limepanda, bakuli limefunikwa, na siku ile tunakula. Sikuwahi kujiuliza ananunua kwa kitu gani. Mtoto anayeshiba haulizi.

Akanieleza basi jambo ambalo kila mwanamke wa rika lake alilijua na hakuna aliyelisema. Mwenye shida haendi kuomba. Anafika mwaloni, anaweka bakuli nyuma ya nyavu zilizorundikwa, anageuka, anakwenda majini kuosha miguu. Akirudi, anakuta limejazwa. Aliyejaza hajulikani. Yeye hashukuru, kwa sababu akishukuru atakuwa amemtaja mtu, na huyo akiitikia atakuwa amemtaja yeye. Anafunika bakuli lake anakwenda. Wavuvi walichota kwenye ndoo zilizokwisha kuandikwa, kabla hazijafika vichanjani. Siku za neema mabakuli yalikuwa machache, maana kila mtu alikuwa nacho. Siku za uhaba yalijipanga. Nikamuuliza, na siku mgeni akiwepo?

"Akiwepo mgeni unarudi nyumbani na bakuli lako."

Miaka yote niliyokwenda Katonga nilikwenda na gari lenye maandishi ubavuni. Mgeni nilikuwa mimi. Kila siku niliyosimama pale na kalamu yangu, kuna mtu aliyerudi nyumbani na bakuli tupu, na mimi nikaandika kwamba nimechunguza kwa macho na sikuona kitu.

Sikuweza kula siku ile. Nililia uani mbele ya mama, mtu mzima mwenye shahada tatu, na mama hakunibembeleza. Alirudi kwenye dagaa wake.

Nilikwenda Ujiji siku ya tatu yake. Mzee Rajabu alikuwa barazani kwake, amevaa kanzu na kofia ile ile, anasuka mkeka ili mikono ipate la kufanya. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole ule ule wa zamani, na upole huo ndio ulionichoma. Mkewe alikuwa amekwisha kunieleza mlangoni kwamba mzee siku hizi anaswali nyumbani. Msikitini watu hawakumwambia kitu usoni, lakini palikuwa na wanaosogea akikaa.

Nilimwambia nimeshajua. Nilimwomba msamaha, kisha, kwa kuwa mhasibu ni mhasibu hata akiungama, nikamwambia mpango wangu. Nilihitaji wanawake kumi tu waliowahi kuweka bakuli Katonga, waandike majina yao na kuweka saini, nami ningeyapeleka ofisini na kwenye jarida lililochapisha makala yangu, na jina lake lingesafishwa mwezi huo huo.

Aliuweka mkeka chini.

"Jina langu limechafuka, kweli," akasema. "Sasa unataka ulisafishe kwa majina ya wajane?"

Akaniambia kwamba kati yao wamo wenye watoto waliokwisha kuwa watu wakubwa mjini, wamo walioolewa tena, na yumo mama mmoja wa familia zilizotoka Burundi, anayelea wajukuu watano, ambaye akitajwa tu, mwaloni hatokanyaga tena hata kununua. Mama huyo nilikuja kumjua baadaye, na jina lake silitaji. Mzee alisema kwamba siku nilipoweka kinasa sauti juu ya meza yake alikuwa na maelezo yote mdomoni, akapima lipi zito, akaona ni heri achafuke yeye kuliko wao.

"Basi nifanye nini, Mzee?"

"Wewe ndiye mwalimu," akasema, akauchukua mkeka wake.

Nilitembea kutoka Ujiji mpaka mjini kwa miguu nikilifikiria hilo. Nilihitaji shahidi, na mashahidi wote walikuwa haramu kwangu, isipokuwa mmoja. Nikarudi Simbo. Nilimwomba mama ruhusa nikiwa nimepiga magoti, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nilipoolewa. Aliingia ndani akatoka na bakuli lile, ukingo wa bluu umemomonyoka, tundu moja limezibwa kwa bati.

"Lipeleke," akasema. "Mimi nimezeeka, aibu imeshanichoka."

Ofisi ile iliniruhusu kuzungumza kwenye kikao chake cha mwaka, wakidhani ninakuja kueleza mafanikio. Nilisimama, nikaliweka bakuli mezani katikati ya chupa za maji, nikaeleza kwamba jedwali la nne lina kosa, na kosa ni la mtafiti. Nilieleza desturi yenyewe bila kumtaja mtu wa Katonga hata mmoja. Mwenyekiti, aliyekuwa mtu muungwana, aliniuliza nini ushahidi, na ni nini basi waandike kwenye ripoti yao.

Nikamwambia, "Andikeni kwamba dagaa hao waliliwa na watoto. Ushahidi ni mimi. Bakuli hili ni la mama yangu."

Baadhi ya waliokaa pale walikuwa wana wa Kigoma, na niliwaona wawili watatu wakiinamisha macho mezani. Sikuwauliza kitu.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda mambo ya ofisi. Neno "upotevu" liliondolewa. Kwenye fomu mpya ikaongezwa safu inayoitwa "kitoweo", isiyodai jina wala uzito kamili. Jarida lilichapisha masahihisho yangu ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo kuliko za tangazo la mkutano lililokuwa juu yake. Mzee Rajabu hakurudishwa kazini, kwa kuwa umri ulikuwa umepita, lakini aliandikiwa barua yenye mhuri kwamba hakuiba kitu. Niliomba niipeleke mwenyewe.

Nilimsomea barazani, polepole, mpaka kwenye mhuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akaipokea, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni lilipokaa jiwe.

"Mabakuli yamerudi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimetoka Katonga asubuhi ile. Nyuma ya nyavu hapakuwa na kitu. Agizo lilikuwa limeondolewa, lakini wenye mabakuli walikuwa wamekwisha kusikia kwamba habari zao zimesemwa kwenye ukumbi wenye vipaza sauti, na desturi ya namna hiyo haitangaziwi kuanza upya. Nikamwambia hapana, hayajarudi.

"Basi barua yako ni nzuri, Mwalimu," akasema. "Ila haijafika."

Niliishi na maneno hayo miaka yangu yote iliyobaki ya kazi. Nilifundisha, nikasimamia tafiti za vijana, baadhi yenu mnaosoma hapa. Mnakumbuka niliwakataza kwenda mwaloni na gari la chuo, mkanung'unika kwamba jua ni kali. Mnakumbuka nilimkataza kila mmoja wenu kutumia neno upotevu mpaka alete majina matano mengine ambayo tofauti hiyo ingeweza kuitwa. Mlidhani ni ukali wa uzee. Na lile swali nililowauliza kila mliporudi, siku mliyokuwepo ni nani hakuwepo, hamkulipenda hata kidogo, kwa sababu halina safu kwenye fomu.

Mzee Rajabu alifariki mwaka jana. Nilipofika Ujiji alikuwa amekwisha kuzikwa, kama ilivyo kwao, lakini watu walikuwa bado wanaingia na kutoka. Binti yake alinikalisha upande wa wanawake, uani karibu na jiko, akanipa daftari la rambirambi na kalamu. Alisema mimi ni mtu wa hesabu, na baba angependa liandikwe vizuri. Nikaandika. Jina, alicholeta, jina, alicholeta. Mkono wangu unaijua kazi hiyo.

Baadaye binti alitoka jikoni kwa mlango wa nyuma, akarudi haraka akaniita. Nyuma ya jiko, kando ya rundo la kuni, kulikuwa na mabakuli. Ya bati, ya plastiki, moja la udongo. Kulikuwa na unga wa muhogo, maharage, mawese ndani ya kopo, dagaa wakavu waliofunikwa kwa kipande cha kanga. Sikuyahesabu. Hapakuwa na mtu. Binti aliniuliza tuyaandike kwa majina ya nani, tena kwa kunong'ona, kwa sababu alikuwa mtoto wa mwaloni na alijua anachokitazama.

Nilimwambia tugeuke kwanza tutazame ukutani. Tukageuka, wanawake wawili wazima, tukasimama tukitazama ukuta wa jiko na masizi yake. Tulisikia nyayo za mtu nyuma yetu, kisha za mwingine. Hatukugeuka mpaka pakawa kimya. Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyapangusa.

Nikarudi kwenye daftari. Mzee hakupenda ukurasa mtupu, na mimi nilikuwa nimekwisha kumjazia pengo lake mara moja kwa mdomo wangu. Nikafungua ukurasa mpya. Nikaandika neno moja kuukatiza wote, kama alivyokuwa akiandika siku za mbalamwezi, na neno lilikuwa lake: "Hazikupotea." Kisha nikapiga mstari chini yake.